Unakwenda Saadani? Namna ya kuingia kijijini bila kuwaudhi wenyeji

Hifadhi ya Taifa ya Saadani ilitangazwa mwaka 2005 na inajulikana kwa kitu kimoja: wanyamapori wanafika mpaka kwenye mchanga wa bahari. Kinachosahaulika ni kwamba watu nao wapo hapo hapo. Kijiji cha Saadani chenyewe kimezungukwa na hifadhi. Matipwili kipo kwenye Mto Wami, na upande wa Pangani kuna Mkwaja na Buyuni. Msafara ukitoka Bagamoyo kupitia Makurunge, au ukishuka kutoka Tanga kupitia Pangani, hauwezi kufika kwa tembo bila kupita mbele ya mlango wa mtu.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Siku nzima imekwisha kwa twiga na viboko, jua limeinama, halafu mtu ndani ya gari anasema, "Tupitie kijijini kidogo tuone maisha yao." Gari linasimama katikati ya nyumba, milango inafunguliwa, simu zinatoka, dakika kumi na tano baadaye vumbi. Waliomo ndani ya gari huenda ni watu wenye adabu zao kabisa. Adabu za pwani wanazijua. Walichokosa ni muda, na asiye na muda hawezi kuwa na adabu hata akitaka, kwa kuwa salamu peke yake zinamaliza hizo dakika kumi na tano. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla gari halijasimama.

Jambo moja kwa Watanzania wenzetu: kujua Kiswahili si kibali. Anayetoka Dar es Salaam, Arusha au hata Tanga mjini ni mgeni Mkwaja kama Mdachi alivyo mgeni. Tena yeye husamehewa kidogo zaidi, kwa sababu hawezi kujitetea kwamba hakuelewa.

Tafuta mwenyeji kwanza

Mlango wa kijiji ni ofisi ya kijiji. Anayekaa pale ni afisa mtendaji wa kijiji, ambaye wengi humwita mtendaji tu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji aliyechaguliwa na wananchi. Chini yao kuna wenyeviti wa vitongoji. Mjini Tanga utatafuta mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mpigie simu mtendaji siku mbili tatu kabla. Namba utaipata hotelini unakofikia, au kwa wahifadhi wa hifadhi: TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wana kitengo cha Ujirani Mwema, na kazi yake ndiyo hiyo ya kuhusiana na vijiji vinavyoizunguka hifadhi.

Kwenye simu sema mambo manne bila kuzunguka: mko wangapi, mnatoka wapi, mnataka kuona nini, na mtakaa muda gani. Kisha uliza kama kuna ada ya kijiji, inalipwaje, na nani atawatembeza. Ikiwa kuna ada, lipa ofisini na upewe risiti. Hela anayopewa kijana mmoja njiani "akawafikishie wazee" ni chanzo cha ugomvi ambao wewe hutauona, ila kundi litakalokuja baada yako litaukuta.

Siku ya safari, gari liende moja kwa moja ofisini. Shukeni wawili, si wote. Salimieni, sainini kitabu cha wageni, subirini mtembezaji. Ukikuta ofisi imefungwa, keti kwenye benchi nje, usianze kuzunguka peke yako. Mtu atakuja, maana kijijini gari geni halikai dakika tano bila kuulizwa.

Mtembezaji awe wa kijiji hicho hicho. Dereva wenu anaweza kuwa mzoefu wa hifadhi kwa miaka mingi na bado asijue nani amefiwa wiki hii.

Kundi lenu lisizidi watu wanane kwa wakati mmoja. Mkiwa kumi na sita, gawaneni: nusu waende pwani, nusu wabaki kwa wasuka ukindu, kisha mbadilishane. Uwani pa nyumba moja hapamezi watu kumi na sita, na mwenye nyumba hataweza kuwakatalia.

Saa za kijiji

Ratiba ya hoteli hupangwa kwa chakula cha asubuhi na cha jioni. Ratiba ya kijiji cha pwani hupangwa kwa mwezi, maji, swala na shamba. Ukizijua hizo nne, nusu ya kazi imekwisha.

Mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutoka usiku wa giza, kwa kuwa taa huwavuta dagaa pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine. Siku hizo hurudi alfajiri, huuza, huanika au huchemsha, na kufika saa nne asubuhi wengi wamelala. Ukifika saa tano na kundi la watu wanaocheka chini ya dirisha, umewaamsha watu waliokesha baharini. Mbalamwezi ikikomaa mambo hugeuka: taa hazifai, wavuvi wapo nchi kavu wakishona nyavu na kuziba nyufa za vyombo. Hizo ndizo siku za kuzungumza nao, na wenyewe watafurahi kukuonyesha fundo la wavu linavyofungwa.

Maji. Kujaa na kupwa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini kila siku. Kwa hiyo ukiambiwa Jumatatu kwamba mashua zitafika saa moja asubuhi, usiitumie saa hiyo Alhamisi. Zimesogea kwa saa mbili na nusu. Uliza tena jioni ya kuamkia safari. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana na vyombo hukwama nje. Usimlazimishe mtu akupeleke kwa ngalawa saa hiyo kwa sababu tu ndiyo nafasi uliyo nayo.

Swala. Vijiji hivi vina Waislamu wengi. Ijumaa, kuanzia saa sita mpaka saa nane mchana, usipange kitu chochote. Siku nyingine acha nafasi kwa adhuhuri na alasiri; mtembezaji akisema "nisubirini kidogo," ketini kivulini. Mwezi wa Ramadhani mnaweza kwenda, ila maji na biskuti viliwe ndani ya gari, mbali na macho ya watu, na ziara iishe mapema kabla kina mama hawajaanza shughuli za futari.

Shamba. Mahindi yakikaribia kukomaa watu hushinda mashambani wakiamia ndege na kufukuza nyani na nguruwe pori, na usiku huyalinda dhidi ya tembo. Kijiji huonekana kitupu. Usiingie uwani pa nyumba isiyo na mtu kwa kudhani pameachwa.

Kwa muhtasari wa saa: asubuhi kati ya saa mbili na saa tano, au alasiri kuanzia saa kumi. Lakini alasiri ina mtego wake. Magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini usiku, kwa hiyo kama njia yenu ya kurudi inapita ndani, mtajikuta mnakimbizana na lango na kuwaacha watu katikati ya maneno. Asubuhi ni bora. Tenga saa mbili kamili kwa kijiji kimoja; vijiji viwili kwa siku moja ni vingi. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, barabara za udongo wa mfinyanzi hukamata magari, hata yenye nguvu. Mkikwama, vijana watawasukuma, na hiyo ni kazi. Patana nao bei kabla hawajaingia kwenye tope, mlipe palepale.

Mavazi

Hili halihitaji maelezo mengi. Wanawake: gauni au sketi inayovuka magoti, mabega yafunikwe. Kanga mbili kwenye gari zinamaliza tatizo lolote, moja kiunoni na moja mabegani. Wanaume: suruali, au kaptula inayofunika magoti, na shati mwilini. Nguo ya kuogelea ni ya ufukwe wa hoteli. Pwani ya kijiji ni mahali pa kazi pa watu, ndiko samaki wanakouzwa. Usivae nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi. Zitakuletea matatizo na vyombo vya dola, na kijijini zitawatia watu hofu bure.

Hodi, salamu, mkeka

Piga hodi ukiwa umesimama pembeni ya mlango, si mbele yake ukichungulia. Mara tatu, kwa kuacha nafasi. Kama hakuna anayeitika "karibu," ondoka, hata kama unasikia redio ndani. Kama sauti ni ya mwanamke na hakuna mwanamume nyumbani, wanaume wa kundi wabaki barazani mpaka waambiwe vingine.

Salamu zianze kwa mkubwa. "Shikamoo" kwa kila aliye na umri wa wazazi wako, na usitoe mkono kwa mwanamke mpaka yeye autoe kwanza. Wengi huweka mkono kifuani, nawe fanya hivyo. Wageni wasiojua Kiswahili wafundishwe maneno matatu garini: shikamoo, asante, samahani. Yanatosha. Wasifundishwe vichekesho. Baada ya salamu ya kwanza huja habari za safari, za nyumbani, za watoto, za kazi. Zijibu zote, nawe uziulize. Usitaje shida yako hadi mwenyeji aulize au anyamaze. Utani wa makabila nao usubiri. Mzigua akikuanza, mjibu, ila usiwe wewe wa kuanza.

Viatu huachwa kabla ya mkeka, si juu yake. Kaa ulipoonyeshwa, nyayo zisimwelekee mtu. Ukiletewa chai, maji au muhogo, onja. Mwenye nyumba hapimi wingi uliokula. Anaangalia kama umekataa. Kama tumbo lako halivumilii maji ya kisima, pokea kikombe kwa mkono wa kulia, shukuru, gusa midomo, kiweke chini. Ukipita watu wanakula wakakwambia "karibu," jibu "starehe" na uendelee, au ukae ule kweli. Kilichokatazwa ni kusimama ukiangalia sinia.

Choo: uliza mwenyeji mwanamke kwa ajili ya wanawake na mwenyeji mwanamume kwa wanaume. Vaa ndara zilizowekwa pale. Maji ya kwenye kopo yamechotwa mbali au yamenunuliwa kwa dumu, kwa hiyo usiyatumie kunawa miguu yenye mchanga.

Kamera

Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia, na sababu yake si imani za kishirikina kama baadhi ya waongozaji wanavyowaambia wageni. Watu wamechoka kupigwa picha wakiwa na nguo za kazi na kisha kutokea kwenye matangazo ya hoteli wasizowahi kuingia. Kampuni inayotumia sura ya mtu kujitangaza bila ridhaa yake inagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo ambalo waendesha utalii wengi hawajalitilia maanani.

Utaratibu ni huu. Nusu saa ya kwanza, kamera na simu zikae mfukoni kwa kila mtu. Baada ya hapo uliza: "Naomba kupiga picha, inawezekana?" Mtu akicheka, akigeuza uso, au akisema "labda baadaye," hilo ni jibu la hapana. Wenyeji wa pwani hawapendi kukataa waziwazi, na anayesubiri neno "hapana" hatalisikia. Akikubali, piga mbili au tatu, mwonyeshe, futa asiyoipenda mbele yake.

Yasiyopigwa picha hata kwa ombi: watu wanaotawadha au kuswali, kisimani, wagonjwa, mtoto asiye na nguo. Mtoto mwingine yeyote, muulize mzazi au mlezi, si mtoto mwenyewe, maana yeye atakubali kila kitu. Usirushe droni. Mbali na kibali inachohitaji, bafu nyingi za makuti hazina paa. Hilo pekee linatosha kueleza kwa nini mawe yataruka.

Kulipa kwa kila picha hatukushauri, kwa sababu kunawafanya watoto waache shule kukaa barabarani. Lakini ukimsimamisha mama anayesuka ukili kwa nusu saa umekula muda wake wa kazi. Njia nzuri ni kununua: mkeka, kawa, kikapu. Uliza bei, punguza kidogo kama ni desturi yako, usiivunje nusu. Mkeka mmoja huanza kwa kukata ukindu, kuukausha, kuuchemsha na rangi, kusuka ukili mrefu, kisha kuushona mzunguko kwa mzunguko. Hizo ni siku nyingi za mtu. Beba noti za elfu moja, mbili na tano. Anayetoa noti ya elfu kumi kununua kitu cha elfu mbili humlazimisha muuzaji azunguke kijiji kizima kutafuta chenji.

Zawadi

Kwa nyumba iliyowakaribisha: sukari kilo moja au mbili, majani ya chai, sabuni. Apewe mwenye nyumba mkononi, wakati wa kuaga, bila hotuba. Peremende na hela kwa watoto barabarani, hapana. Mtoto anayekimbilia gari leo kesho atakanyagwa na gari.

Kwa shule, pitia kwa mwalimu mkuu na uulize kwanza idadi. Madaftari arobaini kwenye darasa la wanafunzi sabini ni tatizo unalomwachia mwalimu. Na usiingie darasani wakati wa kipindi ili watoto wawaimbie wageni. Wapo masomoni.

Nguo za mitumba msizigawe kutoka kwenye boneti. Sura ya watu wakigombania fulana ndiyo hiyo ambayo kijiji hakitaisahau, wala hakitakukumbuka kwa wema.

Maneno ya kupima kabla ya kusema

Mgeni aliyetoka kumwona tembo amejaa furaha. Mwenyeji wake huenda ameamka na kukuta robo eka ya mahindi imelazwa na tembo huyohuyo. Serikali ina kanuni za kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kuuawa, za mwaka 2011, lakini fedha hizo hazirudishi msimu. Basi uliza kwanza, "Wanyama wanawasumbua?" kisha sikiliza. Usijibu kwa kusema lakini utalii unaleta fedha za kigeni.

Mipaka nayo ni jambo zito. Uvinje, kitongoji cha Saadani, kimekuwa na mvutano wa muda mrefu na hifadhi kuhusu ardhi, na si hicho peke yake. Wakikueleza, sikia, usiamue nani ana haki, usirekodi, usitoe ahadi ya "kulifikisha mahali." Na usiulize kamwe kuhusu kitoweo cha porini, hata kwa utani. Swali hilo linamfanya kila aliyekaa pale ajiulize umetumwa na nani.

Ukiuziwa ganda la kasa, ngozi, jino au pembe, kataa kwa upole na usinunue hata kwa kumwonea mtu huruma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamkamata mwenye nyara bila kujali alizipata kwa nani. Kasa wa kijani hutaga Madete, ndani ya hifadhi, na mayai yao hayaguswi.

Msiba, makaburi na mizimu

Ukiona mikeka au turubai nje, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, na kijiji kimya, hapo pana msiba. Zimeni muziki, egesheni mbali. Ziara imeahirishwa, wala usisubiri kuambiwa. Mwongoza msafara aende na mtembezaji, aseme "Poleni kwa msiba," atoe rambirambi kwa anayeandika, akae kidogo, aondoke. Kundi zima lisiende kutazama.

Wanaounganisha safari na magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, au mapango ya Amboni karibu na Tanga, watakuta mahali ambapo watu bado wanafanya tambiko na kuomba dua. Chupa za marashi, vitambaa, sarafu, vyungu na ubani unaoviona pangoni au kaburini si taka. Usivisogeze ili picha itoke vizuri. Ukimkuta mtu yupo katika dua, rudi nyuma mpaka amalize. Usikae juu ya kaburi, hata kama linaonekana ukuta tu wa mawe ya matumbawe.

Mambo yakiharibika

Mgeni wenu amepiga picha kisimani na kina mama wamepaza sauti: mwongoza msafara, si mgeni, aende kwa mama aliye mkubwa zaidi, amsalimie kwanza, kisha aseme "Samahani mama, tumekosa." Picha ifutwe mbele yao, pamoja na ile iliyobaki kwenye kasha la zilizofutwa. Usitoe hela palepale. Itaonekana umeinunua picha.

Mtu amedai malipo ambayo hayakutajwa ofisini: usibishane naye njiani. Mwambie mtembezaji mrudi kwa mtendaji wote watatu. Aghalabu dai hufia njiani. Likifika, lina haki, na mtendaji atalieleza.

Mlevi au kijana msumbufu: mwachieni mtembezaji, endeleeni kutembea, msicheke.

Mmekanyaga wavu ulioanikwa au kuvunja kingo ya bwawa la chumvi: simameni, mtafuteni mwenyewe, mlipe kazi ya kuutengeneza. Mchanga na visigino hukata nyuzi, na tundu dogo huwa kubwa wavu ukivutwa na uzito wa samaki. Kingo ya bwawa ikibomoka, maji yaliyokuwa yakikauka kwa siku kadhaa hutoka, na chumvi ya siku hizo imepotea.

Kuondoka

Agana na mwenye nyumba, kisha pitia tena ofisini umwambie mtendaji kwamba mnaondoka na kila kitu kimekwenda salama, au hakikwenda. Chupa zote za maji zirudi garini. Dereva azunguke nyuma ya gari kabla ya kuwasha, kwa kuwa watoto hupenda kudandia.

Kama uliahidi picha, zitume wiki hiyohiyo kwa simu ya mtembezaji. Ukizisafisha kwenye karatasi, ambayo ndiyo wazee wanaipenda zaidi, andika nyuma ya kila moja jina la mwenyewe na kitongoji chake, na uzipeleke kwa dereva yeyote anayekwenda upande huo, ziachwe ofisi ya kijiji.